Panga Mezani kwa Karani

Lilikuja limefungwa kwenye kipande cha gunia la kahawa, na mlalamikaji alikuwa amelikumbatia kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Ulikuwa mwezi wangu wa pili wa fildi, katika Mahakama ya Mwanzo moja ya mkoa wa Kagera. Sitaitaja jina, kwa sababu watu wake walinipokea vizuri, na pia kwa sababu ninayoyasimulia yanaweza kutokea kwenye mahakama yoyote yenye meza moja, benchi nne na mlango mmoja. Kesi yenyewe ya kawaida tu: majirani wawili, mpaka wa shamba la migomba, mmoja kang'oa milamula usiku, mwenzake kaenda asubuhi kuuliza, na kabla jua halijapanda yule aliyeuliza ana jeraha la panga mkononi. Aliyekata alilidondosha panga akakimbia. Mzee aliyekatwa akaliokota akaenda nalo kwake.

Alipoulizwa kama ana kielelezo, akafungua gunia. Akalitoa panga, akalinyanyua juu ya kichwa kuonyesha jinsi alivyopigwa. Mshtakiwa alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale. Hakimu akasema kwa upole, "Mzee, weka chini." Likawekwa kwenye meza ya karani, mpini ukielekea kizimbani. Mshtakiwa alipopewa nafasi ya kuuliza maswali, akaomba alione vizuri. Akapewa, tena mkononi kabisa. Akaligeuza, akapima makali kwa kidole gumba, akasema, "Mheshimiwa, hili si langu. Langu lina mpini wa mti, hili lina mpini wa plastiki." Mzee alirudi nyuma mpaka akagonga benchi.

Hakuna aliyeumia. Panga likarudi mezani, karani akasogeza daftari lake pembeni, kesi ikaendelea. Halafu likaja swali: tangu siku ya tukio mpaka leo, panga lilikuwa wapi? "Nyumbani kwangu, Mheshimiwa." Likifanya nini? "Nilikuwa nakatia majani ya mbuzi."

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, na mpaka leo najuta. Mshtakiwa aliachiwa huru baadaye, na mojawapo ya sababu ni kwamba hapakuwa na namna ya kuliunganisha panga lile na yeye. Yule mzee vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikunjiki tena.

Sasa, wenzangu wa sheria mtasema hili ni somo la mlolongo wa utunzaji wa vielelezo, tulishafundishwa, tukafanya na mtihani. Sawa. Lakini mimi niliona mambo mawili siku ile, na darasani tumefundishwa moja tu. Tunajua kielelezo kinapokelewaje: shahidi anakitambua, upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, mahakama inakipokea na kukipa alama, P1, P2, na kuendelea. Lakini kitu chenye makali au chenye risasi kinaingiaje kwenye chumba chenye watu wenye hasira, nani anakishika, kinakaa upande gani wa meza, na kesi ikiahirishwa kinalala wapi? Hayo sijawahi kuyasikia kwenye muhadhara wowote. Na hoja yangu ni kwamba uzembe ule ule unaoua kesi ndio unaoweza kuua mtu.

Mimi ni mtu wa Mabira. Kwa ambao hamjafika, ni kata ya wilaya ya Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, huku pembeni kabisa ambako Rwanda na Uganda ziko karibu kuliko Bukoba. Kwetu panga halihesabiwi kuwa silaha. Panga ni kama kalamu kwako. Kuna panga la kukatia kuni, kuna muhoro wa kusafishia migomba, kuna jembe, kuna shoka, na vyote vinakaa nyuma ya mlango wa jikoni ambako mtoto wa miaka sita anaweza kuvifikia. Mtu akitembea barabarani na panga saa kumi na mbili asubuhi hakuna anayegeuka kumtazama. Ndiyo maana siku panga linapogeuka kuwa kielelezo, hakuna anayelichukulia kama kitu kilichobadilika hadhi. Mtendaji wa kijiji analipokea, analiegemeza kwenye kona ya ofisi. Mgambo analibeba kwenye bodaboda bila ala. Mlalamikaji analitunza kwake, na kazi za shamba hazisimami kwa sababu ya kesi.

Na si mapanga tu. Eneo letu lina historia yake na bunduki: vita vya 1978 na 1979 vilianzia mkoa huu, na mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa mamia ya maelfu. Watu wazima wa kwetu wanakumbuka vizuri miaka ya mabasi kusindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi. Tangu 2019 tuna hifadhi mbili za taifa mlangoni, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, na palipo na hifadhi pana kesi za ujangili, na penye ujangili hapakosi gobore. Kwa hiyo kinachoweza kuwekwa juu ya meza ya karani ni zaidi ya panga la mbuzi.

Mtu akiniambia natia chumvi, namuuliza kama amewahi kusikia Ixopo. Ni mji mdogo KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Tarehe 18 Novemba 2019, mwendesha mashtaka wa serikali, Adelaide Ferreira-Watt, alikuwa mahakamani kwenye kesi ya unyang'anyi wa nyumbani. Kielelezo kilikuwa bunduki aina ya shotigani. Bunduki ikafyatuka ndani ya chumba cha mahakama, ikampiga nyongani, akafia hospitali. Haikuwa njama wala shambulio. Ilikuwa kielelezo, yaani kitu ambacho kila mtu mle ndani aliamini kimeshaacha kuwa bunduki kwa sababu kimeandikwa kwenye orodha. Nadhani kosa hili la akili ndilo kubwa kuliko yote. Lebo haitoi risasi kwenye chemba.

Yako mengine ya zamani zaidi. Mwaka 1871 huko Ohio, Marekani, wakili maarufu aliyewahi kuwa mbunge, Clement Vallandigham, alikuwa anamtetea mtu aliyeshtakiwa kwa mauaji. Utetezi wake ulikuwa kwamba marehemu alijipiga mwenyewe kwa bahati mbaya wakati anatoa bastola mfukoni. Usiku, chumbani hotelini, akawa anawaonyesha mawakili wenzake jinsi ilivyotokea. Mezani kulikuwa na bastola mbili, moja tupu na moja ina risasi. Akachukua ile yenye risasi. Alikufa siku iliyofuata, na mteja wake mwishowe akaachiwa huru. Wanasheria hupenda kuisimulia hadithi hii kama kichekesho, eti alithibitisha hoja yake. Mimi naona watu wazima, tena wasomi, waliokaa na bastola mbili zinazofanana kwenye meza moja bila hata mmoja wao kuinua sauti.

Tena hata zama za kamera hatujajifunza. Novemba 2021, kwenye kesi ya Kyle Rittenhouse kule Wisconsin, mwendesha mashtaka aliinyanyua bunduki ya kielelezo akailenga upande wa ukumbi, kidole kikiwa kwenye kifyatulio, dunia nzima ikitazama kwenye televisheni. Bunduki ilikuwa tupu. Lakini ukiulizwa kanuni ya kwanza ya kushika bunduki, ni kuichukulia kila bunduki kana kwamba ina risasi, na haina msamaha kwa mtu aliyevaa suti.

Nirudi kwenye gobore, maana hapa ndipo kwetu kuna hatari ambayo vitabu vya Wazungu haviizungumzii sana. Bunduki ya kisasa unaweza kuifungua: unatoa magazini, unavuta kitasa, unachungulia chemba, unaona kwa macho. Gobore halifunguki. Baruti na gololi vinaingizwa kwa mdomoni na kushindiliwa, na vinaweza kukaa humo muda mrefu sana. Ukilitazama kwa nje huwezi kujua kama lina kitu. Wanaozijua hizi bunduki wana mbinu rahisi: mtu aliye pembeni, si mbele ya mdomo, anapitisha kijiti ndani ya mtutu mpaka kigote, anaweka alama, kisha analaza kijiti kile kwa nje na kulinganisha urefu. Kijiti kikiishia mbali kabla ya pale baruti inapowashiwa, ndani kuna kitu. Hapo mtu haendelei kuchokonoa, anamwita mtaalamu wa silaha wa Polisi. Sasa niambie, kati ya makarani na walinzi wa mahakama zetu, ni wangapi wamewahi kuambiwa hili? Na gobore lililokamatwa porini usiku na askari wa hifadhi aliyechoka, likapakiwa kwenye gari pamoja na nyama na baiskeli, ni nani aliyepitisha kijiti?

Watu wa vitendo wataniuliza nataka nini, kwa sababu kulalamika ni rahisi. Kwa bunduki, nataka iandikwe siku ile ile ya kukamatwa, kwenye hati ya ukamataji, kwamba ilikaguliwa na nani na ilikutwa na risasi au bila risasi. Risasi zikae bahasha yake, bunduki peke yake, na visiingie chumbani mkononi mwa mtu mmoja. Kamba ya plastiki, zile za mafundi umeme, ipitishwe kwenye chemba iliyo wazi ili kila mtu aone kwa mbali kwamba haiwezi kufyatuka. Kabla ya shahidi kuigusa, askari aieleze mahakama kwa sauti kwamba ni tupu, na aonyeshe. Kamba zile pakiti nzima haifiki bei ya chipsi mayai mbili pale getini.

Kwa panga, boksi la karatasi ngumu na makali yafungiwe ndani kwa kamba. Shahidi anaweza kulitambua bila kulishika: alama ya mhunzi, rangi ya mpini, pengo kwenye makali. Akitaka kulishika kweli, hakimu ndiye anayeruhusu, askari akiwa kati yake na upande wa pili. Na meza ya vielelezo iwe upande ambao mshtakiwa hawezi kuufikia kwa kunyoosha mkono. Hili la mwisho halihitaji bajeti, linahitaji kusogeza meza.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wakili mmoja niliyemweleza haya aliniambia, "Mdogo wangu, ukianza kufunga kamba na kuhamisha kielelezo kutoka gunia kwenda boksi, mimi nikiwa upande wa utetezi nitauliza nani alifungua, lini, na kwa ruhusa ya nani." Ana haki. Mahakama ya Rufani kwenye shauri la Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri ilisema wazi kwamba lazima kuwe na kumbukumbu zinazofuatana za kukamatwa, kutunzwa, kuhamishwa, kuchunguzwa na kuondolewa kwa kielelezo, ili isisemekane kimechezewa. Baadaye, kwenye shauri la Joseph Leonard Manyota, mahakama hiyo hiyo ikalegeza kidogo: kitu ambacho si rahisi kubadilika au kubadilishwa, mlolongo wake ukikatika mahali fulani kesi haifi papo hapo. Lakini jibu kwa wakili ni kwamba kila hatua ya usalama ni mstari mmoja kwenye daftari. Aliyefunga kamba anaandika jina, tarehe na saa. Aliyepokea anasaini. Mwongozo wa Jeshi la Polisi, ule wa PGO namba 229, tayari unataka vielelezo viwekewe lebo na kuandikwa kwenye rejesta. Yaani karatasi ya usalama na karatasi ya ushahidi ni karatasi ile ile. Ukiijaza moja vizuri umeshaijaza nyingine. Panga la yule mzee lingekuwa limefungwa kwenye boksi kwa mtendaji tangu siku ya kwanza, lisingemtisha tena mahakamani, na lisingekatia majani ya mbuzi.

Damu nayo ina hadithi yake. Nguo yenye damu mbichi ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki inavunda, ukungu unaota, na ikifika kwa Mkemia Mkuu pale Mwanza, baada ya safari ndefu ya mabasi kutoka kwetu, huenda haisemi chochote tena. Inatakiwa ianikwe ikauke kivulini, kisha iingie kwenye bahasha ya kaki. Na wanaoishika bila glavu wakumbuke kwamba virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi kwenye damu iliyokauka kwa siku saba au zaidi. Karani anafungua bahasha kwa mkono mtupu asubuhi, saa nne anakunywa chai na andazi. Chupa za dawa za mifugo kwenye kesi za sumu, galoni za petroli kwenye kesi za kuchoma nyumba, sitaki hata kuanza. Niseme tu kwamba stoo ya vielelezo niliyoiona ilikuwa pia stoo ya karatasi na mahali pa kuweka birika la umeme.

Kwa vitu vinavyoharibika sheria imeshajaribu kutoa njia: vinapelekwa mbele ya hakimu, vinaorodheshwa kwenye fomu na vinaharibiwa kwa amri. Lakini hapo nako, kwenye rufaa namba 385 ya mwaka 2017 ya Mohamed Juma Mpakama, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba mshtakiwa awepo na asikilizwe kabla amri haijatolewa. Nalitaja hili kwa wale wanaosema dawa ya yote ni kupiga picha na kutupa. Picha haitoshi kama aliyeshtakiwa hakuwepo.

Na tusijidanganye kwamba chumba cha mahakama kina ulinzi wake wa asili. Juni 2024 pale Makadara, Nairobi, Hakimu Monica Kivuti alipigwa risasi akiwa kazini, na aliyempiga alikuwa afisa wa polisi, muda mfupi baada ya hakimu kufuta dhamana ya mke wa afisa huyo. Alifariki siku mbili baadaye. Ile haikuwa bunduki ya kielelezo, ilikuwa ya mtu aliyeingia nayo. Lakini inatuonyesha hasira inayokaa kwenye benchi zile, na kwenye Mahakama za Mwanzo hasira hiyo iko karibu zaidi, kwa sababu pale mlalamikaji na mshtakiwa wanachota maji kisima kimoja na mara nyingi hakuna askari hata mmoja kati yao.

Nilipomaliza fildi nilimuuliza msimamizi wangu wa chuo kwa nini haya hayamo kwenye mtaala. Akasema ni mambo ya utawala wa mahakama, si ya sheria. Nilinyamaza kwa heshima, ila sikubaliani. Wengi wetu tutakuwa mahakimu wakazi, mawakili wa Serikali au mawakili wa kujitegemea kabla hatujafika miaka thelathini, na kuna siku mtu atafungua gunia mbele yetu. Siku hiyo hatutakuwa na muda wa kuuliza kama ni utawala au ni sheria.

Kwa hiyo nina ombi kwa kamati yetu ya mahakama ya mazoezi. Kila mwaka tunashindana kwa hoja za rufaa, karatasi tupu, hakuna kitu cha kushika. Muhula ujao tufanye kesi moja ya kwanza kabisa, yenye shahidi, karani, askari na kielelezo cha kweli, na tupeane alama pia kwa jinsi kilivyoingia na kutoka chumbani. Tumwalike askari wa kitengo cha vielelezo atukosoe bila huruma. Panga nitaleta mimi. Liko nyumbani Mabira, la marehemu babu, mpini wa mti, na nimeshaongea na mama alifunge kwenye boksi na kuandika tarehe. Alicheka sana kwenye simu, akauliza kama siku hizi chuoni tunasomea kulima.